Spiriti ya Kinyozi Huchoma Kwa Nini? Hii Hapa Stori ya Mafuta Yanayoshikilia Kila Seli ya Mwili Wako

Unaijua hiyo moto. Kinyozi amemaliza kazi, laini ya mbele imenyooka kama rula, halafu anachukua pamba, anaimwagia spiriti na kukupiga nayo shingoni bila onyo. Machozi yanakulenga, lakini unajikaza kisabuni juu kuna wasee kwa benchi wanakucheki kwa kioo.

Ukiuliza kwa nini inachoma, jibu la mtaa ni moja: "Inaua viini." Hapo mtaa umepata nusu. Kuua, inaua. Lakini kule kuchoma si viini vinavyokufa, na si ngozi inayoungua. Kwenye neva za ngozi kuna vitambuzi vya joto ambavyo kwa kawaida huamka joto likifika nyuzi 42 hivi. Pombe iliyo kwa spiriti inashusha hicho kipimo hadi chini ya joto la mwili, sasa vitambuzi vinaanza kupiga nduru "moto!" na moto wenyewe hakuna. Umechomwa na joto lako mwenyewe, buda.

Kule kuua ndio stori yetu ya leo, na ni stori ya mafuta. Si ya kupaka, si ya chipo. Ni mafuta yaliyozunguka kila seli ya kila kitu chenye uhai, kuanzia bakteria hadi ndovu. Ukiyamanya hayo mafuta, utajua kwa nini kipande cha sabuni ni silaha noma, kwa nini choa hukataa kuisha, na kwa nini krimu fulani ya kemisti inaweza kukuingiza kwa ngori badala ya kukutoa.

Wewe ni mifuko trilioni 30

Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30. Kila seli ni kama kamfuko kadogo ka maji, chumvi, protini na vitu vingine vingi. Ndani kuna mpango, nje kuna mpango mwingine tofauti kabisa, na seli inaishi tu kwa sababu hiyo mipango miwili haichanganyiki.

Kinachoitenganisha ni utando. Na huo utando, msee, ni mwembamba ajabu. Tabaka lake la mafuta lina unene wa nanomita 5 hivi. Unywele mmoja una nanomita kama 80,000. Maanake ungebandika tando zaidi ya 10,000, moja juu ya nyingine, ndio ufikishe unene wa unywele mmoja.

Takriban nusu ya uzito wa utando wa seli ya mnyama ni mafuta, na ile nusu ingine karibu yote ni protini. Wanasayansi huyaita mafuta ya aina hii lipidi, na yule staa wa hiyo familia anaitwa fosfolipidi.

Kichwa kinapenda maji, mikia inayahepa

Fosfolipidi imeundwa hivi. Katikati kuna fremu ndogo ya gliseroli yenye sehemu tatu za kushikia. Mbili zimeshikwa na asidi za mafuta, yaani minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Hiyo ndiyo mikia. Sehemu ya tatu imeshikwa na fosfeti pamoja na kipande kingine kidogo kama kolini. Hicho ndicho kichwa.

Kichwa kina chaji ya umeme, kwa hivyo kinaelewana na maji fiti. Mikia haina chaji, na maji hayataki stori nayo. Molekuli moja, tabia mbili. Juu anataka kuoga, chini anatoroka bafu.

Sasa mwaga mamilioni ya hizi molekuli kwa maji, ucheki kitakachotokea. Ushawahi kuona town mvua ikinyesha ghafla? Kila mtu anakimbilia baraza la duka, watu wanabanana, wale wa nje ndio wanalowa. Fosfolipidi hufanya vivyo hivyo. Zinajipanga safu mbili: mikia inaangaliana katikati, mahali pakavu, na vichwa vinabaki nje pande zote mbili vikigusa maji. Halafu kwa sababu kingo bado zingelowa, safu zenyewe zinajikunja na kufunga kama mpira. Umepata mfuko.

Hakuna gundi. Hakuna fundi. Hakuna msumari. Na si ati mikia inapendana sana. Ni maji ndiyo yanashikana yenyewe kwa yenyewe na kuisukuma mikia kando, kama mbogi inayokufungia nje ya stori zake. Uhai wote umesimama juu ya hiyo kutengwa.

Faida yake ni kwamba ukiutoboa utando kidogo, unajifunga wenyewe. Ndio maana daktari wa uzazi anaweza kuchukua sindano nyembamba, akaidunga ndani ya yai la mwanamke, akaweka mbegu moja ya kiume, akatoa sindano, na yai likaendelea na maisha. Baluni ingekuwa imepasuka kitambo.

Ilianzia kwa karai la vyombo

Hii stori ilianzia mahali wengi hawatarajii: jikoni. Agnes Pockels alikuwa dada Mjerumani, aliyezaliwa 1862. Alipenda fizikia, lakini enzi hizo vyuo vikuu vya kwao havikuwa vinachukua wanawake. Akabaki nyumbani kupika, kuosha vyombo na kuwachunga wazazi wake.

Kwa hayo maji ya vyombo ndio akaanza kuona mambo. Mafuta yakiingia, uso wa maji unabadilika. Akajitengenezea kifaa cha bati cha kupima hiyo nguvu ya uso wa maji na venye mafuta yanavyotandaa. Mwaka wa 1891 alimwandikia mwanafizikia maarufu wa Uingereza, Lord Rayleigh, na Rayleigh akapeleka barua hiyo kwa jarida la Nature, likaichapisha. Baadaye Mmarekani Irving Langmuir aliendeleza kifaa kama chake, na kazi yake ya kuchunguza nyuso kama hizo ikampa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1932.

Mwaka wa 1925 Waholanzi wawili, Evert Gorter na François Grendel, wakachukua hiyo mbinu wakaileta kwa damu. Walichagua seli nyekundu juu seli nyekundu ya binadamu ikikomaa haina kiini wala tando za ndani. Mafuta yake yote yako kwa ule utando wa nje. Wakayatoa hayo mafuta, wakayatandaza juu ya maji yawe unene wa molekuli moja tu, kisha wakapima eneo. Yalifunika karibu mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Jibu likawa wazi: utando una safu mbili.

Baadaye ilikuja kujulikana kwamba hawakuwa wametoa mafuta yote, na pia walikuwa wamepima eneo la seli likawa dogo kuliko lilivyo. Makosa mawili yakafutana, jibu likabaki sawa. Hiyo inaitwa bahati ya mtende.

Huu ukuta haukai mahali pamoja

Usifikirie ukuta wa mawe. Utando uko kama umati wa watu Gikomba siku ya kufungua bale: kila mtu amebanwa, lakini kila mtu anasonga. Fosfolipidi moja inaweza kuteleza umbali wa bakteria mzima kwa sekunde moja. Kitu haifanyangi kirahisi ni kuruka kutoka safu ya nje hadi ya ndani, kwa sababu kichwa kinachopenda maji kingelazimika kupita katikati ya mikia.

Kinachoamua kasi ya huo mwendo ni umbo la mikia. Cheki mafuta ya nazi. Ukiyabeba kwa chupa kutoka Mombasa, yanamwagika kama maji. Ukifika nayo Nairobi mwezi wa Julai, asubuhi unapata yameganda mpaka unachota na kijiko. Huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na keja nyingi za Nairobi hazifiki hapo wakati wa baridi.

Sababu ni kwamba mikia mingi ya mafuta ya nazi imenyooka. Mikia iliyonyooka hupangana kama viti vya plastiki vya harusi, kimoja ndani ya kingine, na kupangana huko ndiko kuganda. Mafuta ya alizeti yana mikia yenye kona. Kona ni kama kiti kilichopinda mguu: hakiingiani na wenzake, so mafuta yanabaki maji hata kukiwa na baridi.

Seli inajua huu mchezo. Bakteria akihamia mahali pa baridi huongeza mikia yenye kona ili utando usikazane. Samaki wa maji baridi wana mbinu iyo hiyo.

Sisi tuna msaidizi mwingine, na jina lake mmelisikia likitukanwa: kolesteroli. Hiyo molekuli hujichomeka kati ya fosfolipidi na kufanya kazi ya bausa. Joto likipanda na mikia ikaanza kuzubaa, inaituliza. Baridi ikiingia na mikia ikataka kukazana, inaitenganisha. Kwa utando wa seli nyekundu za damu, karibu nusu ya molekuli zote za mafuta ni kolesteroli. Bila hiyo, mwili wako haungekuwa na seli za kujivunia.

Nani anaingia, nani anabaki nje

Utando una sheria zake za mlango. Vitu vidogo visivyo na chaji, kama oksijeni na kaboni dayoksaidi, hupita katikati ya mafuta bila kuulizwa. Pombe pia hupita, ndio maana haichelewi kufika kwa ubongo. Homoni za steroidi nazo hupenya, kwa sababu zenyewe ni jamaa ya mafuta. Hata ile dawa ya P2 hutegemea hiyo njia: homoni iliyo ndani yake huvuka utando na kwenda kushika kipokezi kilicho ndani ya seli.

Sukari na chumvi hazina hiyo bahati. Hizo lazima zipitie kwa milango maalum ya protini. Mwaka wa 1972 Wamarekani S. J. Singer na Garth Nicolson walichora picha ambayo bado inafundishwa: bahari ya mafuta, na protini zinaelea ndani yake kama maboti.

Mafuta yenyewe pia hubeba ujumbe. Kuna fosfolipidi moja ambayo seli yenye afya huifungia safu ya ndani. Seli ikianza kufa, hiyo lipidi hutokea nje, na seli za usafi zikiiona zinajua zimeitwa kumeza maiti. Wembe ukikukata, vigandishadamu vyako hutumia alama iyo hiyo: vinaitoa nje, na protini za kugandisha damu zinapata uwanja wa kufanyia kazi. Hiyo damu iliyokauka shingoni ni kazi ya mafuta kugeuka upande.

Hata grupu yako ya damu iko kwa huu utando. A, B, AB na O ni tofauti za sukari ndogo zilizobandikwa juu ya mafuta na protini za seli nyekundu.

Vita vya kinyozi: nani anapasua utando wa nani

Sasa mko na rada ya kutosha, tuingie vitani.

Sabuni ni binamu ya fosfolipidi. Nayo ina kichwa kinachopenda maji, lakini mkia ni mmoja. Hiyo inaipa umbo la kabari. Ukisugua, kabari zinajichomeka kwa utando wa kiini, zinaufungua, na vipande vya mafuta vinazingirwa na kuoshwa. Inahitaji muda, ndio maana mnaambiwa sekunde 20, si kupitisha vidole chini ya bomba kama unaaga mtu.

Spiriti nayo hulegeza mafuta na kuharibu protini zilizo ndani yake. Hapa kuna kitu wengi hawajui: ya asilimia 70 hivi hushinda ile safi kabisa. Protini huharibika vizuri kukiwa na maji kiasi, na pombe tupu hupotea hewani kabla haijamaliza kazi.

Virusi kama vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na korona huvaa koti la mafuta lililoibwa kwa seli waliyoishambulia. Koti likipasuka, kirusi hakina tena njia ya kuingia kwa seli. Lakini vingine, kama kirusi cha polio na vile vya noro vinavyoleta kutapika na kuharisha, havina koti la mafuta. Hao sanitaiza inawasumbua kidogo tu. Ukitoka choo, sabuni na maji yanayotiririka ndio mpango, kwa sababu hata kisichopasuka kinaoshwa na kwenda.

Kwa kinyozi pia kuna mtego. Spiriti inaua kile inachogusa. Nywele na magamba yakibaki kwa meno ya mashine, viini vinajificha humo na spiriti haviioni. Brashi kwanza, spiriti baadaye, na iachwe dakika kidogo ifanye kazi. Kupangusa haraka haraka kisha mashine inaingia kwa kichwa kingine ni kuigiza usafi. Una haki ya kumwambia kinyozi wako asafishe ukiona, na kinyozi anayejipa hawezi kasirika.

Halafu kuna choa, wengine mnaiita punye, zile duara za magamba na mwasho. Huyo ni kuvu. Tatizo ni hili: kuvu ni jamaa wa karibu na sisi kuliko bakteria, na seli yake inafanana sana na yako. Utampiga vipi bila kujipiga?

Jibu liko kwa mafuta. Sisi tunatumia kolesteroli kama bausa wa utando. Kuvu hutumia ergosteroli, ndugu anayefanana lakini si yule yule. Klotrimazoli, flukonazoli na terbinafini zote huziba njia ya kutengeneza ergosteroli. Utando wa kuvu unakosa bausa, unavuja, kuvu inasimama. Kuna dawa nyingine kali ya hospitali, amfoterisini B, inayoshika ergosteroli moja kwa moja na huokoa watu wenye homa ya uti wa mgongo ya kuvu, hasa walio na kinga iliyoshuka. Lakini kwa sababu ergosteroli na kolesteroli zinafanana, hiyo dawa inaweza kuumiza hata figo za mgonjwa, na hutolewa chini ya uangalizi. Tofauti ndogo ya molekuli, na maisha ya mtu yako hapo katikati.

Kwa hivyo ukipewa krimu ya choa, usiache siku ya tatu juu mwasho umeisha. Mwasho ukiisha haimaanishi kila seli ya kuvu imevuja. Maliza muda uliopewa, ambao kwa krimu nyingi ni wiki 2 hadi 4. Choa ya kichwani mara nyingi huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa sababu kuvu imeingia ndani ya unywele mahali krimu haifiki.

Na uchunge sana zile krimu za "kila kitu" zenye steroidi. Steroidi haigusi ergosteroli. Inachofanya ni kuwatuliza askari wako wa kinga, mwekundu unapungua, mwasho unapoa, unafikiria umepona, kumbe kuvu inakula bata na kusambaa. Duara inapoteza umbo, na hata daktari akiiangalia anapata shida kuitambua. Uliza kemisti swali moja kabla ya kulipa: "Hii iko na steroidi?"

Na mafuta ya kwa sahani je?

Ukisikia mtu anajigamba ameacha mafuta kabisa, mwambie apole. Zaidi ya nusu ya uzito wa ubongo, maji yakitolewa, ni mafuta, na kuna asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Omega-3 iko kwa omena na samaki wengine, na hizo mikia zenye kona nyingi huenda kuwa sehemu ya tando zako.

Kolesteroli nyingi ya mwili hutengenezwa na ini lako lenyewe, kwa hivyo utando haukosi. Shida ni ikizidi kwa damu na kuanza kuganda kwa kuta za mishipa, na hapo mafuta yenye mikia iliyonyooka huchangia. Mabaya zaidi ni mafuta ya transi ya kiwandani: yana mikia iliyonyooshwa kwa mashine ilhali ilikuwa na kona. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani liliitaka dunia iyaondoe kabisa kwa chakula.

Za kubeba nyumbani

Sabuni, sekunde 20, hasa ukitoka choo na kabla ya kula. Spiriti ya asilimia 70 ni fiti kuliko ile safi. Mashine ya kinyozi ipigwe brashi kabla ya spiriti. Krimu ya choa imalizwe, na yenye steroidi isiingie hapo bila daktari kusema. Na kwa kuwa sabuni haichagui mafuta ya nani, ikishaosha viini inachukua pia mafuta ya ngozi yako. Ukipauka baada ya kuoga, paka mafuta. Hao walinzi wameenda na maji, warudishe kazini.